Mkopo wa nyumba ya ng'ambo: riba ndogo si mkopo nafuu

Juzi tena mteja aliketi mbele yangu, akafungua simu na kunionyesha tangazo la benki ya nje: riba asilimia 3 kwa mwaka. “Kwetu wanataka mara nne ya hii,” akasema. “Kwa nini nisikope huko huko?” Swali hili nalisikia karibu kila wiki, nami hulijibu kwa swali: mshahara wako unaingia kwa sarafu gani?

Ukilipwa kwa sarafu moja na kudaiwa kwa nyingine, deni lako lina bei mbili. Riba imeandikwa kwenye mkataba. Kiwango cha kubadilisha fedha hakuna aliyekuahidi.

Wapolandi walilipia somo hili. Miaka ya 2000 wengi wao walichukua mikopo ya nyumba iliyofungamanishwa na faranga ya Uswisi, kwa kuwa riba yake ilikuwa chini kuliko ya zloti, sarafu ya kwao. Katikati ya 2008 faranga moja ilikuwa takriban zloti 2. Tarehe 15 Januari 2015 benki kuu ya Uswisi iliacha ghafla kulinda kiwango cha faranga 1.20 kwa yuro, na faranga ikavuka zloti 4. Piga hesabu: aliyekopa faranga 100,000 mwaka 2008 alipokea kama zloti 200,000. Hata kama alikwisha kulipa faranga 20,000 za deni la msingi, zile 80,000 zilizobaki sasa zilikuwa zaidi ya zloti 320,000. Amelipa miaka sita na zaidi, na deni limekua. Nyumba zao zilikuwa nchini mwao, lakini mshahara na deni vilitofautiana sarafu, kama vitakavyotofautiana vyako.

Hapa wajuzi hunijibu kwamba nyumba ya ng'ambo nayo ina thamani kwa sarafu ile ile ya deni, kwa hiyo vinapanda pamoja. Ni kweli, siku ya kuuza. Rejesho la mwezi halisubiri siku hiyo. Linatoka kwenye mshahara. Kinga ya kweli ni kodi ya mpangaji wa huko huko, nayo hukatika mpangaji akihama.

Umoja wa Ulaya, kwa maelekezo yake ya 2014 kuhusu mikopo ya nyumba, unataka anayekopa kwa sarafu ya kigeni apewe haki ya kuhamishia deni kwenye sarafu nyingine au kinga mbadala, na aonywe ubadilishaji unapolisogeza deni au rejesho kwa zaidi ya asilimia 20. Kwa sababu hiyo baadhi ya benki huamua kutomkopesha kabisa mtu wa kipato cha sarafu nyingine. Ukikataliwa, usikimbilie kudhani nyaraka zako zina kasoro.

Ushauri wangu haubadiliki. Chukua rejesho la mwezi, liongeze theluthi, uone kama mshahara bado unalibeba. Kisha weka akiba ya marejesho ya miezi sita kwa sarafu ya deni, katika akaunti ya nchi hiyo. Anayeshindwa hatua hizi mbili, mimi humwambia wazi asikope.

Mengine ninayoambiwa na wateja nitayapitia haraka. “Asilimia 10 ya kuanzia inatosha.” Si kwa asiyeishi huko. Hispania, asiye mkaazi kwa kawaida hukopeshwa asilimia 60 hadi 70, tena ya bei au ya tathmini ya mthamini, iliyo ndogo kati ya hizo. Nyumba mpya ya yuro 200,000 inakudai angalau 60,000 zako, na VAT ya asilimia 10 juu yake: 80,000 kabla ya ada za notari (mthibitishaji wa mikataba) na usajili.

“Rekodi yangu ya mikopo ni safi.” Ni safi kwenu, kwa kawaida haivuki mpaka. Andaa taarifa za benki, ritani za kodi na tafsiri zilizothibitishwa.

“Nikishindwa nitawaachia nyumba.” Kifungu cha 1911 cha sheria ya madai ya Hispania kinamfanya mdaiwa awajibike kwa mali zake zote, za sasa na zijazo. Mnada usipofuta deni, salio linakufuata.

“Nikinunua nitapata ukaazi.” Hispania ilifunga mlango huo tarehe 3 Aprili 2025, Ureno iliondoa ununuzi wa nyumba kwenye mpango wake wa ukaazi kwa wawekezaji mwaka 2023.

Na hili: “Nikishalipa amana, benki itakuja nyuma.” Hapa huwa sina subira, maana pesa hupotea kwa saini moja. Katika mkataba wa arras (mkataba wa amana) wa Hispania, ule unaomruhusu kila upande kujitoa, mnunuzi akijitoa anapoteza amana. Muuzaji akijitoa anarudisha mara mbili. Dai kifungu kinachosema amana itarudishwa benki ikikataa mkopo, na usisaini bila hicho. Mteja mmoja alinijia siku nne baada ya kusaini. Mthamini akaipa nyumba thamani chini ya bei, mkopo ukapungua, pengo akashindwa kuliziba. Nilisoma mkataba wake mara mbili nikikitafuta kifungu hicho. Hakikuwemo, na yuro 20,000 zikabaki kwa muuzaji.