Mikunjo ya uhuishaji: kinachotokea kati ya fremu kuu moja na nyingine

Fremu kuu ni alama unayoiweka kwenye mstari wa muda kuiambia programu kwamba, ikifika fremu hii (picha moja kati ya zile zinazopita mfululizo), kitu hiki kiwe na thamani hii. Thamani inaweza kuwa chochote kinachopimika kwa namba: kimo cha mpira kutoka sakafuni, nyuzi za mzunguko wa kiwiko, ukubwa wa herufi, ung'avu wa taa, kiasi mdomo ulivyofunguka. Ukiweka alama moja kwenye fremu ya 1 na nyingine kwenye fremu ya 25, umezisemea fremu mbili tu. Zile 23 za katikati hujazwa na programu. Mkunjo wa uhuishaji ni mchoro unaoonyesha programu imezijaza vipi, na kuhariri mkunjo ni kuyakataa makisio yake na kuweka uamuzi wako.

Ni makisio kweli, kwa sababu programu haijui kama unachokihuisha ni puto au nyundo. Inaona namba mbili na muda uliopo kati yake, basi. Ndiyo maana mtu anaweza kupanga mikao mizuri sana, akabonyeza kitufe cha kucheza, na bado mwendo ukatoka mzito, wa kuelea, usio na uhai. Mikao haina kosa. Tatizo liko katikati, mahali ambapo hakugusa kitu.

Mgawanyo huu wa kazi ni wa zamani kuliko kompyuta. Katika studio za katuni za kuchora kwa mkono, mchoraji mkuu alichora mikao inayobeba tendo, kisha msaidizi akachora michoro ya kati. Filamu ilikwenda kwa fremu 24 kila sekunde, na mara nyingi kila mchoro ulipigwa picha mara mbili, kwa hiyo michoro 12 ilitosha sekunde moja. Pembeni ya mchoro wake, mchoraji mkuu aliweka mstari mdogo wenye vialama vya kumwelekeza msaidizi: hapa michoro ibanane, hapa iachane. Michoro iliyobanana ilitoa mwendo wa polepole, iliyoachana ikatoa mwendo wa kasi. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Nestor Burtnyk na Marceli Wein wa Baraza la Taifa la Utafiti la Kanada walitengeneza mfumo wa kompyuta wa kuchora hizo za kati, na mwaka 1997 taasisi ya Marekani inayotoa tuzo za Oscar iliwatunuku kwa kazi hiyo. Kompyuta ilichukua nafasi ya msaidizi. Maelekezo ya mchoraji mkuu yalihitaji mahali pengine pa kuandikwa, na leo mahali hapo ni kwenye kihariri cha grafu, dirisha la programu ambamo mikunjo huonyeshwa na kuhaririwa.

Grafu yenyewe ni rahisi. Mhimili wa mlalo ni muda, mhimili wa wima ni thamani. Kila fremu kuu ni nukta, na mkunjo hupita kwenye nukta zote. Ila wengi wanaoanza huusoma mkunjo kana kwamba ni njia kinayopita kitu kwenye skrini, na hapo hupotea. Mkunjo wa mhimili wa X, yaani wa kushoto na kulia, ukipanda, kitu hakipandi. Kinasogea upande mmoja. Mkunjo wa mzunguko ukipanda, kitu kinazunguka papo hapo kilipo. Kabla ya kugusa chochote, jiulize mkunjo huu unapima nini.

Baada ya hapo, kinachostahili kutazamwa zaidi ya vyote ni ukali wa mteremko. Mkunjo uliosimama wima ni mwendo wa kasi. Mkunjo uliolala ni mwendo wa taratibu, na ukilala kabisa kitu kimesimama. Ukiwa mstari ulionyooka, kasi haibadiliki. Ukivunjika kwenye kona, kasi imebadilika ghafla, ndani ya fremu moja. Mtu aliyelizoesha jicho lake kusoma mteremko anaweza kuitazama grafu bila kucheza chochote akasema, "hapa patagonga, na hapa patazubaa."

Mpira unaodunda ndio zoezi la kwanza karibu kila mahali, na kwa haki kabisa, maana umebeba nusu ya somo. Chukua mpira unaoachiwa kutoka kimo cha mita 1.225. Utafika sakafuni kwa nusu sekunde, yaani fremu 12 kama unafanya kazi kwa 24 kwa sekunde. Katika fremu 6 za kwanza utashuka sentimita 31 hivi, na katika 6 za mwisho utashuka sentimita 92 hivi. Muda ni uleule, lakini umbali ni karibu mara tatu. Kwenye grafu, hii ina maana mkunjo wa kimo uanze ukiwa umelala pale juu, kisha uiname zaidi na zaidi hadi ugonge sifuri ukiwa mkali kabisa. Papo hapo unageuka kupanda, na unaanza kupanda kwa ukali pia. Pale sakafuni grafu inatakiwa ichongoke kama herufi V, na kule juu iwe duara laini.

Sasa tazama inachofanya programu usipoigusa. Inalainisha nukta zote kwa kanuni moja, pamoja na ile ya sakafuni. Mpira unapunguza kasi ukikaribia chini, unatua kwa adabu, kisha unaondoka taratibu. Anayetazama haoni mpira. Anaona kitu kinachoshushwa kwa kamba. Dawa yake ni kuchagua nukta za sakafuni, kuvitenganisha vishikio vyake viwili (vijiti vinavyotoka pande mbili za nukta na kuelekeza mkunjo) ili kila kimoja kielekee kivyake, na kuvivuta hadi ile V ionekane. Nukta za juu ziache zimelala.

Kuna mambo mawili mengine kwenye zoezi hilihili ambayo husahaulika. La kwanza ni muda. Mdundo ukifika robo tu ya kimo cha mdundo uliotangulia, unatumia nusu ya muda wake. Wengi hupunguza kimo lakini huziacha nukta za sakafuni kwenye nafasi zilezile, na mpira unaonekana ukiwa mwepesi zaidi kila unapodunda, kama umeingia kwenye sayari nyingine. La pili ni mkunjo wa kwenda mbele. Mpira ukiwa hewani hakuna kinachousukuma wala kuuzuia kwa nguvu, kwa hiyo mkunjo huo unapaswa kuwa karibu mstari ulionyooka tangu mwanzo hadi mwisho. Lakini mtu anapoweka fremu kuu kwa mkato, programu huziweka kwenye mhimili wa X, Y na Z kwa pamoja, na mkunjo wa mbele hujaa nukta zisizo na kazi ambazo kila moja inauyumbisha kidogo. Zifute. Bakisha ya kwanza na ya mwisho, na utashangaa mwendo ulivyotulia.

Aina za kujaza katikati ziko tatu za msingi. Ya kwanza haijazi kitu: thamani inakaa palepale hadi fremu kuu inayofuata, kisha inaruka. Wahuishaji wa wahusika huitumia wanapopanga mikao, ili waihukumu mikao na muda wake bila makisio ya programu kuingilia. Ya pili ni mstari ulionyooka, unaofaa mashine: gurudumu linalozunguka kwa kasi moja, ukanda wa kiwandani. Mwili wenye uzito hauanzi wala hausimami hivyo. Ya tatu ni mkunjo wa Bézier, wenye jina la Pierre Bézier, mhandisi wa Renault aliyetumia hesabu hizi kusanifu mabodi ya magari. Paul de Casteljau wa Citroën alikuwa amefikia hesabu hizohizo kivyake. Mkunjo huu ndio wenye vishikio pande mbili za nukta. Katika Blender, programu ya uhuishaji wa 3D, ukiwa kwenye kihariri cha grafu, kitufe cha T hubadilisha aina ya kujaza, na V hubadilisha aina ya vishikio.

Kishikio kina mambo mawili: mwelekeo na urefu. Mwelekeo unaamua mteremko pale kwenye nukta, na urefu unaamua mteremko huo udumu kwa muda gani kabla mkunjo haujaanza kufuata nukta ya jirani. Kishikio kirefu kilicholala hutoa kuondoka kwa kusitasita, halafu kasi kubwa katikati. Kifupi hutoa kuondoka kwa haraka. Kwenye Maya, programu nyingine ya 3D, urefu huo haubadiliki hadi ugeuze mkunjo uwe wa vishikio vyenye uzani, na anayehama kutoka programu nyingine huhangaika sana akidhani kipanya kimekwama.

Watumiaji wa After Effects, programu ya kuhuisha maandishi, picha na video, wana grafu mbili, na tofauti yake ni kubwa. Moja ni ya thamani, kama niliyoieleza. Nyingine ni ya kasi, ambayo kimo cha mkunjo kutoka sifuri ndicho kasi yenyewe. Kwenye hii ya pili, mkunjo uliolala juu hausemi kitu kimesimama. Unasema kinakwenda kwa kasi isiyobadilika. Mkunjo ukigusa sifuri ndipo kimesimama. Na ukitaka kuhariri mahali kitu kilipo kwa grafu ya thamani, lazima kwanza uitenganishe mihimili yake, kila mmoja uwe na mkunjo wake.

Hapo hapo niseme juu ya F9, kitufe cha After Effects kinacholainisha fremu kuu. Kinafaa sana mahali kitu kinapoanza na kinaposimama. Lakini kuchagua nukta zote na kukibonyeza mara moja ni tabia mbaya, nami naipinga kila ninapoiona. Kulainisha kwa namna hiyo kunashusha kasi hadi sifuri kwenye kila nukta. Kama kitu kinatoka A, kinapita B, kinakwenda C, sasa kitafika B, kisimame, kisha kianze upya, ingawa B ilikuwa ya kupita tu. Kamera inayofanya hivyo humchosha mtazamaji bila yeye kujua kwa nini. Nukta ya kupita inahitaji vishikio vilivyonyooka pamoja, vikifuata mteremko uliopo kabla na baada yake.

Kosa la upande wa pili ni mkunjo kupitiliza. Mguu unashuka kutoka sentimita 15 kwenye fremu ya 4, unakanyaga chini kwenye fremu ya 10, unabaki chini hadi fremu ya 20. Nukta za 10 na 20 zote ni sifuri, kwa hiyo unatarajia mguu utulie. Ulainishaji wa kawaida, hata hivyo, hutazama majirani: kwenye fremu ya 10 unaona mkunjo ulikuwa ukishuka, unaendeleza mshuko huo kidogo, na mguu unazama chini ya sakafu kabla ya kurudi. Laza vishikio vya nukta zote mbili, au tumia vile vinavyojizuia vyenyewe visipitilize, ambavyo Blender huviweka tangu mwanzo. Kwa mguu, tuli kabisa ndiyo sahihi. Kwa kifua au kichwa cha mhusika aliyesimama, tuli kabisa huonekana kama picha iliyoganda. Hapo nyanyua nukta ya pili kidogo mno ili mkunjo uwe na mteremko hafifu, na mhusika atabaki hai akiwa amesimama.

Mizunguko ina tabia yake. Nyuzi 179 na nyuzi -179 ni pande mbili zilizoachana kwa nyuzi 2 tu, lakini kwenye grafu zimeachana kwa 358, na programu itaijaza tofauti hiyo yote kwa kukizungusha kitu karibu duara zima ndani ya fremu chache. Ukiona kiungo kinapinduka ghafla bila sababu, tafuta mruko wa namna hiyo kwenye mkunjo. Maya na Blender zote zina kichujio cha kuunganisha mikunjo ya mizunguko iliyoruka hivyo.

Kwa mwendo unaojirudia, kama hatua za kutembea, nukta ya kwanza na ya mwisho lazima ziwe na thamani sawa na pia mteremko sawa, la sivyo kila mzunguko utakuwa na kigugumizi kwenye maungio. Kama hatua inaanza fremu ya 1 na kurudia mkao uleule fremu ya 25, cheza 1 hadi 24. Ukiijumuisha ya 25, mkao mmoja utaonekana mara mbili mfululizo.

Linabaki suala la wingi wa fremu kuu. Mkunjo mzuri wa mkono huwa na nukta chache, kwa sababu kila nukta mpya ni mahali pengine pa kulinda ulaini. Mwendo ukikukera, futa nukta ya katikati kwanza uone vishikio vya majirani vinaweza nini, kabla hujafikiria kuongeza nyingine. Mwendo ulionaswa kutoka kwa mwigizaji halisi huja kinyume chake, ukiwa na fremu kuu kwenye kila fremu. Vishikio hapo havina nafasi ya kufanya kazi, na kuvuta nukta moja huzaa mwiba kwenye mkunjo. Unaweza kuamuru programu izipunguze nukta na kuliacha umbo la jumla, lakini mitikisiko midogo ya mwili, ambayo ndiyo thamani ya kunasa mwendo, inaweza kwenda nazo. Ninachopendelea ni kuuacha mkunjo ulionaswa ulivyo na kuweka tabaka jipya juu yake. Ukitaka mkono uinuke nyuzi 10 zaidi, tabaka hilo litahitaji nukta nne tu: sifuri, kumi, kumi, sifuri.