Hesabu ya Mathari na mgonjwa asiyefanya fujo

Kwa miaka mingi madaktari walifundishwa kwamba Mwafrika hapati sonona (depression), au akipata ni nadra mno. Dai hilo lilipata nguvu sana kutoka Mathari, hospitali ya magonjwa ya akili ya Nairobi, na athari yake bado naiona kwenye zahanati zetu.

Mathari ilifunguliwa mwaka 1910. Mwaka 1938 ilikabidhiwa J.C. Carothers, daktari wa kawaida ambaye alipoingia hakuwa amesomea magonjwa ya akili. Alikaa hadi 1950, akawahesabu waliokuwa wodini, akawakuta wenye sonona wachache, akahitimisha kwamba Mwafrika kwa maumbile na malezi yake si mtu wa kujilaumu. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likamchapishia hayo.

Lakini wagonjwa hao walifikaje huko? Wengi waliletwa na polisi au kwa amri ya hakimu, kwa sababu wamevunja, wamepiga au wametembea uchi sokoni. Mama aliyejifungia ndani, hali wala halali, hakumsumbua mtu, basi nani angempeleka? Carothers alihesabu fujo akadhani anahesabu magonjwa. Watafiti John Orley na John Wing walipokwenda vijijini karibu na Kampala, matokeo yao ya 1979 yalionyesha sonona nyingi kuliko iliyopatikana kwa wanawake wa Camberwell, London.

Mlango ule wa kupokea wenye fujo tunao mpaka leo. Anayerusha mawe huletwa kliniki amefungwa kamba. Aliyenyamaza huja mwenyewe OPD, kitengo cha wagonjwa wa nje, akilalamikia kichwa kuwaka moto, moyo kwenda mbio, mwili kukosa nguvu. Anapimwa malaria, hana, anapewa paracetamol. Akirudi ni vidonda vya tumbo, anapewa omeprazole. Hakuna aliyemuuliza habari za usingizi.

Ukimuuliza tu "una huzuni?" atakujibu hana, kwa hiyo zunguka. Unashtuka saa tisa usiku usingizi usirudi? Shughuli uliyokuwa ukiifurahia, kwaya au bustani, bado ina ladha? Chakula je? Dalili zikidumu wiki mbili karibu kila siku na kazi zikalala, ni sonona mpaka uthibitishe vinginevyo. Pima wingi wa damu, na tezi ya shingo ukiwa na kipimo. Kisha uliza kama amewahi kuwa na siku nyingi za kuchangamka kupita kiasi bila kulala, maana dawa ya sonona pekee inaweza kumrusha huko tena.

Kuhusu kujiua, uliza wazi. Swali halimpandikizii wazo. Wengine hukana kwa kuogopa polisi, na si woga wa bure: Kenya, kifungu kilichofanya kujaribu kujiua kuwa jinai kilitamkwa na Mahakama Kuu kuwa kinyume cha katiba Januari 2025 tu.

Ninalolikuta mara nyingi kwenye kadi ni dawa ya sonona, amitriptyline, 25 mg usiku, miezi sita, bila kupandishwa. Hicho ni kipimo cha kuanzia. Kwa mtu mzima mwenye moyo mzima hupandishwa taratibu hadi 75 au 100 mg, wakati mwingine 150, na nafuu huchukua wiki kadhaa. Mwambie mapema kuhusu mdomo kukauka na choo kigumu, la sivyo ataiacha siku ya nne. Mwenye mawazo ya kujiua usimpe ya mwezi mzima. Vidonge hivyo vikimezwa kwa wingi husimamisha moyo. Mpe ya wiki moja, zishikwe na ndugu.