Ikizunguka Usibonyeze Tena: Simu Yako na Seva Zinavyoongea

Ndugu zangu wa Kigoma, kuanzia Ujiji mpaka Kibirizi, sisi watu wa TEHAMA swali tunaloulizwa sana ni hili: nimelipa kwa simu, kile kiduara kimezunguka wee, sasa hela imeenda au haijaenda? Na kabla mtu hajajibiwa keshabonyeza tena. Hili tulielewe vizuri jamani maana ni hela za watu.

Programu iliyo kwenye simu yako haitunzi hela, kazi yake ni kuomba na kukuonyesha jibu. Rekodi zenyewe zipo kwenye seva, yaani kompyuta iliyo macho saa 24 inasubiri maombi, inaweza kuwa Dar au hata Ulaya huko.

Chukulia mfanyabiashara wa dagaa pale Kibirizi analipa ushuru. Akibonyeza LIPA, simu inatafuta anwani ya seva kwa kutumia jina lake, zinasalimiana, zinapatana funguo za siri ili mtu wa katikati asisome kitu, ndo ombi linatoka. Ndani yake mna maandishi ya kawaida tu: neno POST, maana yake pokea hiki ukifanyie kazi, halafu kumbukumbu namba, kiasi, labda 20,000, na utambulisho wake. Linakatwa vipande vya kama baiti 1,500, vinasafiri, vinaunganishwa kule. Seva ikishakata hela na kuandika inarudisha jibu lenye namba, 200 ni imekubali, 404 hicho kitu hakipo, 503 nimezidiwa jaribu baadae.

Umbali wala sio shida kama watu wanavyodhani. Mwanga ndani ya mkongo, yaani ile nyaya ya kioo inayobeba intaneti, unakimbia kama kilomita 200,000 kwa sekunde, reli ya Kigoma hadi Dar ni kama kilomita 1,250, kwa hiyo mkongo wa urefu huo kwenda na kurudi ni kama milisekunde 13 tu, yaani sehemu 13 za elfu moja za sekunde. Kinachochelewesha ni mnara uliojaa watu, netiweki ya kushika na kuachia, au seva kuelemewa.

Sasa shida yenyewe iko hapa. Ombi linaweza kupotea njiani kabla halijafika, hapo hela haijaguswa. Au limefika ila seva imekwama katikati ya kazi. Au seva imemaliza kila kitu, hela imekatwa, rekodi imeandikwa, jibu ndo limepotea wakati linarudi. Kwenye kioo cha simu yote matatu yanafanana, inazunguka tu! Simu yenyewe haijui kipi kimetokea, na wewe utajuaje? Ukibonyeza tena kwenye lile la tatu na mfumo haujajengwa vizuri unalipa mara mbili.

Kuna wanaosema si kuna TCP, ile itifaki, yaani kanuni za kompyuta kuongea, ambayo msingi wake wataalamu wa Marekani Vint Cerf na Bob Kahn waliuchapisha mwaka 1974, inayotuma tena kila kipande kilichopotea? Ipo na inafanya kazi yake vizuri sana, ila inachothibitisha ni kwamba vipande vimefika kwenye mashine ya pili, mambo ya hela kukatwa au kutokatwa haiyajui kabisa.

Kwa hiyo ikizunguka, angalia salio au taarifa ya miamala kwanza, hilo ni ombi la kusoma tu, hata ukilirudia mara kumi halibadilishi kitu. Usipouona muamala subiri kidogo uangalie tena, maana seva inaweza kuwa bado inaufanyia kazi.

Na vijana wetu mnaotengeneza programu hapa Kigoma, hili mlibebe nyie, msimwachie mama wa dagaa. Mtu akibonyeza LIPA, simu itengeneze namba ya pekee ya ombi hilo na iitunze, ikirudia kutuma itume na namba ileile, seva ikiona namba hiyo ilishaishughulikia irudishe jibu la mwanzo bila kukata hela tena. Halafu msiruhusu simu zirudie kila sekunde, ikishindikana isubiri sekunde 1, kisha 2, kisha 4, na muongeze kamuda ka kubahatisha ili simu zote zisigonge kwa pamoja, maana seva iliyoelemewa ikipigwa na maelfu ya marudio kwa mpigo mmoja haiinuki, mnayaona wenyewe siku matokeo ya kidato cha nne yakitoka na kila mtu anarifreshi.