Java Haikuchagulii Toleo Jipya

Kwa vijana wanaotumia lugha ya Java kutengeneza mifumo ya hoteli za Malindi, zahanati na tiketi za boti za Lamu, kuna neno limerudiwa mpaka linachosha: "Nimeipa moduli namba 1.5.0, kwa hiyo Java itaiacha 1.4.0 na kuchukua mpya."

Haiachi. Tangu moduli, yaani mafungu ya msimbo yenye majina yao, zije na Java 9 mwaka 2017, `requires`, neno la kutaja moduli unayoihitaji ndani ya module-info.java, hupokea jina tu, hakuna pa kuandika namba ya toleo. Namba hukaa ndani ya module-info.class kama maelezo, na Java inapotafuta moduli hailinganishi namba na namba.

Kinachotokea hutegemea mafaili yalivyokaa. Chukua programu ya tiketi za boti za Mokowe kwenda Lamu, yenye moduli `lamu.tiketi`. Ukiacha mafaili ya jar (msimbo uliofungashwa), tiketi-1.4.0.jar na tiketi-1.5.0.jar, pamoja kwenye folda ya lib, kisha ukaiwasha kwa `-p lib`, yaani Java itafute moduli humo, haiwaki: utapata FindException ikikueleza kuwa matoleo mawili ya moduli hiyo yamekutwa. Hilo ndilo kosa jema, limejitokeza ungali pale pale. Yakikaa folda mbili, `-p zamani:mpya`, folda inayotangulia ndiyo hushinda, kimya kimya. Na ukitumia classpath ya `lib/*`, njia ya zamani isiyojali moduli, ni balaa zaidi, kwa sababu mpangilio wa mafaili hapo hauna ahadi yoyote: laptopu yako yaweza kusoma jipya na kompyuta ya mteja ikasoma kuukuu. Mfumo utawaka vizuri, tiketi zitauzwa, hadi karani abonyeze kitufe kinachoita mbinu iliyoongezwa kwenye 1.5.0. Hapo ndipo NoSuchMethodError huja, abiria wakiwa wamepanga foleni.

Anayechagua toleo ni kifaa cha kujengea programu, nacho pia usikiamini kwa macho yaliyofumbwa. Maven huchukua toleo lililo karibu zaidi na mradi wako katika mti wa vitegemezi (maktaba ambazo mradi unazitegemea), hata likiwa la zamani. Gradle, usipoielekeza vingine, huchukua la juu. Tazama `mvn dependency:tree` kabla ya kufunga kazi.

Nawasihi: msinakili jar mpya juu ya lib ya zamani. Kila toleo lipewe folda yake, tiketi-1.5.0/lib, halafu badilisha skripti ya kuwashia. Kabla hujaondoka kwa mteja endesha `java -p lib --list-modules`. Itakuonyesha kila moduli, namba yake na faili ilikotoka.

Wengine wakisikia haya huiacha namba kabisa. Hapana! Iwekeni wakati wa kufungasha:

`jar --create --file tiketi-1.5.0.jar --module-version 1.5.0 -C out .`

Hitilafu ikitokea, mistari yake itaandikwa `lamu.tiketi@1.5.0/...`, na picha ya skrini iliyotumwa kutoka Shela itakuambia toleo gani limekwama bila kupanda boti.

Kuna na maneno mengine ninayoyasikia:

"v1.5.0 na 1.5.0 ni mamoja." Si mamoja. Namba ya toleo la moduli lazima ianze na tarakimu.

"Implementation-Version kwenye manifesti inatosha." Manifesti ni faili la maelezo ndani ya jar. Kwa moduli yenye jina, `getImplementationVersion()` hurudisha null, yaani hakuna kitu. Namba ya toleo isome kwa `getModule().getDescriptor().version()`.

"Jina la faili ni pambo." Jar isiyo na module-info na isiyotaja jina lake kwenye manifesti hupewa jina la moduli kutokana na jina la faili: risiti-pdf-2.1.jar huwa `risiti.pdf`. Mtu akiliita faili risiti.jar, `requires` yako imevunjika. Andika Automatic-Module-Name kwenye manifesti, na ubonyeze Enter mwisho wa mstari wa mwisho, la sivyo mstari huo hautasomwa.

"SNAPSHOT hutangulia toleo kamili kila mahali." SNAPSHOT ni toleo ambalo bado linatengenezwa. Kwa Maven ni kweli. Kwa OSGi, mfumo mwingine wa moduli za Java, ni kinyume: 1.5.0.SNAPSHOT ni kubwa kuliko 1.5.0, kwani toleo lenye kiambatisho hulizidi lisilo nacho. Viambatisho navyo hulinganishwa herufi kwa herufi, hivyo rc10, jaribio la kumi, huja kabla ya rc2, la pili. Tumia tarehe yenye idadi ile ile ya tarakimu siku zote, mfano 1.5.0.20250310, na toleo kamili nalo lipewe tarehe yake.