Majina ya Wayahudi hayakubadilishwa Ellis Island

Katika familia nyingi za Wayahudi wa Marekani, wajukuu husimuliwa hivi: babu alifika Ellis Island, kituo cha kupokelea wahamiaji huko New York, na mke na watoto wengi, ofisa akashindwa kutamka jina lao la ukoo, akawaandikia lingine. Hadithi inapendwa sana, lakini sivyo mambo yalivyokwenda.

Maofisa wa kituo hicho, kilichofunguliwa mwaka 1892, hawakuwa wakitunga majina. Mezani walikuwa na orodha ya abiria iliyoandaliwa na kampuni ya meli huko Ulaya, kwenye bandari kama Hamburg au Rotterdam, nao wakahakiki tu majibu ya kila mtu. Wakalimani walikuwapo pia. Fiorello La Guardia, aliyekuja kuwa meya wa New York, aliifanya kazi hiyo kati ya 1907 na 1910, na Kiyidishi, lugha ya Wayahudi wengi wa Ulaya Mashariki, alikijua.

Majina yalibadilishwa baadaye, na wenyewe. Kusema ni kosa la karani kunawanyima haki, kwa sababu kunaficha uchungu wa uamuzi wao. Miaka ya 1930 ajira zilikauka. Matangazo mengine ya kazi yalisema wazi kwamba wanatakiwa Wakristo tu, na baadhi ya vyuo vikuu vilikuwa vimewawekea wanafunzi Wayahudi kikomo. Kijana aliyekulia kwenye vyumba vya kubanana vya Lower East Side, mtaa wa wahamiaji mjini New York, ndugu kibao na kodi ya nyumba ikimsubiri, alikwenda mahakamani kuomba jina lisilomtambulisha. Mara nyingine wazazi na watoto waliomba pamoja.