Wati zikilingana, balasti bado yaweza kuwa si ya balbu hiyo

Wengi huamini kwamba balasti, ambayo mafundi huiita choki, ikiandikwa wati sawa na balbu ya taa ya ulinzi, basi inafaa. Sivyo. Kazi ya balasti ni kudhibiti mkondo wa umeme unaopita ndani ya balbu, na mkondo huo hutegemea aina ya balbu: kwenye umeme wa volti 230, balbu ya zebaki ya wati 250 hupitisha takriban ampea 2.15, ilhali ya sodiamu yenye wati hizo hizo huhitaji ampea 3. Tena ya sodiamu, kwa kawaida, haiwaki bila ignita, yaani kifaa cha kuiwasha, inayoipa mshtuko wa maelfu ya volti, na inasikitisha mlinzi kukesha gizani kwa sababu hiyo. Kabla ya kwenda dukani, futa vumbi kwenye kibandiko cha choki iliyoungua, usome aina ya balbu na ampea zake.