Mzee bado anarusha, kijana anasubiri: jibu langu kwa mjomba kuhusu Green Bay

Mjomba wangu wa Tanga hunipigia simu Jumapili saa mbili usiku, ambayo huku Milwaukee ni saa tano asubuhi, mechi za NFL, ligi kuu ya mpira wa Kimarekani, zikiwa zimebakiza saa moja kuanza. Yeye ni mtu wa Coastal Union. Ubingwa wa 1988 anausimulia kama wa juzi, na mpira wa Kimarekani anaufuatilia kwa sababu yangu tu. Siku moja alikuwa amesoma habari za Jordan Love, kwotabeki wa timu ya Green Bay Packers, akaniuliza: "Sasa mjomba, huyu kijana kakaa benchi miaka mitatu, analipwa, hachezi. Walimchukua wa nini?"

Nilimjibu harakaharaka, na kwa jinsi alivyoguna nilijua hakuridhika. Kazi yangu ni kufundisha makwotabeki wa shule ya sekondari, na hakuna swali linaloninyima usingizi kama hilo. Basi mjomba, jibu refu ndilo hili.

Kwotabeki ndiye anayepokea mpira mwanzo wa kila shambulizi na kuamua uende kwa nani. Ana sekunde mbili na ushei kabla majitu ya kilo 130 hayajamfikia. Kwa mtu wa soka, mfananishe na kipa kwa jambo moja: nafasi ni moja tu. Mawinga wawili wazuri utawapanga wote. Makipa wawili wazuri, mmoja atakaa, na hakuna kumwingiza dakika ya 75 ili apate uzoefu. Kwa hiyo timu yenye kwotabeki mzuri anayezeeka haiwezi kumjaribu mrithi taratibu. Siku itafika ambapo jioni ni huyu na asubuhi ni yule, na uongozi lazima uipange siku hiyo miaka miwili au mitatu kabla, wakati bado hakuna mtu anayeona haja yake.

Green Bay ni mji wa watu laki moja na kidogo, kaskazini kwangu, saa mbili kwa gari. Timu yao haina tajiri. Inamilikiwa na wanahisa zaidi ya laki tano, wengi wao watu wa kawaida wenye cheti cha hisa ukutani. Kwotabeki Brett Favre alifika huko 1992 akitokea Atlanta, akashika nafasi mwezi wa Septemba, na hakukosa kuanza mechi hata moja hadi alipoondoka. Alikuwa mchezaji bora wa ligi miaka mitatu mfululizo, 1995 hadi 1997, wa mwisho akigawana na Barry Sanders, na Januari 1997 aliwapa Super Bowl, fainali ya ligi. Ninavyowafahamu watu wa Wisconsin, kuna nyumba ambazo picha yake ilikaa karibu na ya Yesu.

Aprili 2005 Favre ana miaka 35. Meneja mkuu mpya, Ted Thompson, anaingia kwenye drafti yake ya kwanza, ile siku ya timu kuchagua kwa zamu vijana wanaotoka vyuoni. Kwotabeki kijana wa California aitwaye Aaron Rodgers alitarajiwa kwenda mapema sana, pengine wa kwanza kabisa. San Francisco, waliochagua wa kwanza, wakamchukua kwotabeki mwingine, Alex Smith. Rodgers akabaki ameketi mbele ya kamera, timu moja baada ya nyingine zikimpita, saa nne na zaidi. Thompson alikuwa na chaguo la 24 na kwotabeki hakumhitaji hata kidogo. Akamchukua.

Msimu uliofuata Favre alirusha pasi 29 zilizonaswa na wapinzani, timu ikashinda mechi 4 na kupoteza 12. Wengi wakasema mzee kwisha. Mimi kila mwaka huwaonyesha vijana wangu msimu ule kama funzo la kusoma takwimu. Walinzi wawili wa katikati waliokuwa wakimkinga, Marco Rivera na Mike Wahle, walikuwa wameondoka kwenda timu nyingine. Mpokeaji wake mkuu, Javon Walker, aliumia goti mechi ya kwanza. Mkimbiaji wake naye akaumia. Mzee alikuwa akirusha huku akikimbizwa, kwa watu asiowazoea. Miaka miwili baadaye, 2007, timu imepangika, akarusha yadi 4,155 na kushinda mechi 13. Kama Packers wangemwondoa kwa sababu ya zile 29, wangekuwa wamemhukumu kwa makosa ya ukuta.

Hapa niseme kidogo habari za uzee wenyewe, maana ndipo watu hukosea. Wanadhani mkono ndio huisha kwanza. Mkono huisha mwisho. Kinachotangulia ni miguu. Pasi hutoka ardhini: mguu wa nyuma unasukuma, wa mbele unakita, nyonga inageuka, bega linafuata, mkono unamalizia tu. Mzee aliyechoka kupigwa huacha kuukita mguu wa mbele, kwa sababu ukikita unakuwa umesimama, na ukisimama unagongwa. Anarusha akiegemea nyuma. Mpira unaruka kwa kasi ileile, ila umetoka kuchelewa nusu hatua. Kwenye video ya kawaida hutaliona hilo. Simamisha picha pale mpira unapomtoka mkononi, tazama kidole gumba cha mguu wa mbele kinaelekea wapi. Mimi huanzia hapo.

Na hasara hiyo hujificha, maana mzee huifidia kwa akili. Kabla mpira haujaanza anajua mwanya utafunguka wapi. Ndiyo maana takwimu za wakongwe hazishuki kama mlima. Zinadondoka kama mtu aliyekosa ngazi gizani. Peyton Manning, kwotabeki wa Denver, alitoa pasi 39 za tachidauni (yaani za kufunga) mwaka 2014. Mwaka 2015 zilikuwa 9, na zilizonaswa 17. Mtu mmoja, timu ileile. (Wakabeba Super Bowl mwaka huo, lakini waulize mabeki wao nani alimbeba nani.)

Turudi Lambeau Field, uwanja wa Packers, Januari 20, 2008. Nusu fainali dhidi ya New York Giants, nyuzi 18 chini ya sifuri. Uso wa kocha wa Giants, Tom Coughlin, ulikuwa mwekundu kama nyanya. Dakika za nyongeza, 20 kwa 20, Packers wana mpira. Shambulizi la pili, Favre anamtafuta mpokeaji wake Donald Driver, pasi ya kuelekea mstari wa pembeni. Pasi hiyo ina sheria moja: iende nje na mapema, mahali ambapo ni mtu wako tu anayeweza kuifikia. Ilichelewa na ikabaki ndani. Corey Webster akaikata mbele ya Driver. Dakika chache baadaye Giants wakapiga mpira wa yadi 47 katikati ya milingoti, basi. Nimeitazama pasi ile mara nyingi kuliko video ya harusi yangu. Mguu wa mbele, mjomba. Haukukita.

Machi alistaafu akilia mbele ya waandishi. Julai akasema anarudi. Hapo uongozi ukawa na watu wawili na nafasi moja, na miaka mitatu ya Rodgers ya kusubiri ilikuwa ndani ya mizani.

Miaka hiyo haikuwa ya kukaa bure. Kwanza walimrekebisha. Chuoni alifundishwa kushika mpira juu, karibu na sikio, na kocha Mike McCarthy, aliyekuja 2006, akaushusha hadi kifuani ili mkono uende kwa mzunguko mmoja. Kubadilisha mshiko wa kwotabeki ni kama kumbadilishia mtu mkono wa kuandikia. Huwezi kuifanya kazi hiyo huku anacheza kila Jumapili, kwa sababu akishikwa na hofu atarudia alichozoea. McCarthy huyu, mwaka 2005, alikuwa kocha wa mashambulizi wa San Francisco, timu iliyomwacha Rodgers na kumchukua Smith. Dunia ndogo.

Pili, walishamwona akicheza. Novemba 2007 Favre aliumia Dallas, kijana akaingia, akafikisha pasi 18 kati ya 26. Walipoteza mechi, lakini aliyejua kutazama aliona. Kwa hiyo Agosti 2008 Thompson alimuuza Favre kwa New York Jets, huku siku chache kabla mashabiki wakimzomea Rodgers mazoezini ndani ya uwanja wake mwenyewe. Msimu wa kwanza Rodgers alishinda mechi 6 akapoteza 10. Mwaka uliofuata Favre, akitimiza miaka 40, akiwa na mahasimu Minnesota Vikings, aliwafunga Packers mara mbili. Thompson hakujibizana na mtu. Februari 2011 Rodgers akashinda Super Bowl, 31 kwa 25 dhidi ya Pittsburgh.

Sasa Love, uliyeniuliza. Aprili 2020 Rodgers ana miaka 36, timu imetoka kufika nusu fainali, na Brian Gutekunst, meneja mkuu wa sasa, anatoa chaguo la ziada ili apande hadi nafasi ya 26 na kumchukua kwotabeki wa chuo cha Utah State. Hadithi ileile, ila mazingira yamebadilika kwa jambo moja kubwa: fedha.

Tangu makubaliano ya 2011 kati ya ligi na wachezaji, mkataba wa kijana anayetoka drafti umefungwa: miaka minne ya mshahara mdogo, na kwa wa raundi ya kwanza timu ina haki ya kuongeza wa tano. Na kila timu ina kikomo cha mishahara. Mwaka 2023 kilikuwa dola milioni 224.8. Kwotabeki kijana ni rahisi, na kile unachookoa kwake unanunulia walinzi na wapokeaji. Hiyo ndiyo faida kubwa ya kuwa na kijana, na Packers waliichoma miaka mitatu benchini huku wakimlipa mzee. Walipomuuza Rodgers kwa Jets, Aprili 2023, zaidi ya dola milioni 40 bado zilihesabiwa kwenye kikomo chao kwa mtu ambaye hayupo.

Halafu mzee mwenyewe akawaaibisha. Baada ya kuletewa mrithi alikuwa mchezaji bora wa ligi 2020, na tena 2021. Nusu fainali ya Januari 2021 walipoteza nyumbani, 31 kwa 26, mbele ya Tampa Bay ya kwotabeki Tom Brady mwenye miaka 43. Mpokeaji mmoja wa ziada siku ile, yule ambaye chaguo la 26 lingeweza kumleta, si ajabu angebadilisha mambo. Hapa natofautiana na marafiki zangu wa Packers: mwaka 2005 Thompson aliokota almasi iliyomwangukia miguuni. Mwaka 2020 Gutekunst alitoa mali kuifuata, na Rodgers hakuambiwa kabla. Uamuzi wa pili ulikuja kuzaa matunda, lakini ulikuwa uamuzi mbaya zaidi. Yote mawili yanawezekana.

Matunda yenyewe: Love alicheza msimu mzima 2023, pasi 32 za tachidauni, na kwenye mtoano akawapiga Dallas 48 kwa 32 kwao. Rodgers kule Jets alicheza mashambulizi manne tu kabla ya kukatika kano ya kisigino.

Ukiniuliza nani aliyefanya vizuri kuliko wote, nitakutajia Kansas City, 2017. Walimchukua Patrick Mahomes, wakamkalisha mwaka mmoja tu, kisha wakamuuza mkongwe akiwa ametoka kucheza msimu bora wa maisha yake, bei ingali juu. Mkongwe huyo alikuwa Alex Smith, yule yule wa 2005. Alishawahi kupokonywa nafasi na kijana San Francisco baada ya kuumia kichwa, kwa hiyo alijua kinachokuja, na bado akakaa na Mahomes chumbani akimsomesha video. Wa namna hiyo hawapatikani kila drafti.

Mimi wangu ni wadogo. Msimu uliopita nilikuwa na wa kidato cha mwisho, miguu mizito, anayejua kitabu chote cha mbinu, na wa miaka 15 mwenye mkono wa ajabu asiyejua hata jina la beki anayemkimbilia. Nilimpanga mkubwa mechi zote. Baba wa mdogo aliacha kunisalimia kuanzia wiki ya nne. Sekondari hakuna kikomo cha mishahara wala drafti, kuna mtoto mmoja anayemaliza shule na mwingine aliyebakiza miaka miwili, hivyo hesabu yangu ilikuwa nyepesi. Ya Gutekunst sikuitamani.

Love alisaini mkataba mpya Julai 2024, miaka minne, dola milioni 220. Nilipomsomea mjomba tarakimu hizo alinyamaza muda, nikadhani simu imekatika. Kisha akaniuliza Love atafikisha miaka 36 lini. Novemba 2034, nikamwambia. "Haya," akasema, "mwaka huo usiache kunikumbusha niitazame drafti. Nitakuwa na miaka themanini."